Mbiu Iliyolia Isifike: Mitambo ya Kamsa na Simu ya Intaneti Majumbani Mwetu

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Waliosema hayo waliijua mbiu vyema. Ilikuwa ni pembe ya mnyama, ikipulizwa na mtu anayejulikana, na kila aliyeisikia alifahamu limpasalo kutenda. Pembe ile haikutaka umeme, wala waya, wala malipo ya kila mwisho wa mwezi. Ilitaka pumzi za mpulizaji na masikio ya watu, basi.

Siku hizi, katika ng'ambo zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe, nyumba nyingi zimewekewa mbiu za namna nyingine. Ukutani kuna kisanduku cheupe chenye namba za kubonyeza. Juu ya mlango kuna king'ora. Na kando ya kitanda cha mzazi kuna kitufe chekundu cha kutumiwa wakati wa dhiki. Tumelipa fedha nyingi kuviweka vitu hivi, na tumelala tukiamini kwamba vinatulinda. Juma hili tumeonelea tuzungumze na wasomaji wetu juu ya swali ambalo wengi wetu hatukuliuliza siku ya kuvinunua: kitufe kikishabonyezwa, habari yake hupita njia gani hadi imfikie mtu wa kuja kutusaidia? Na je, njia hiyo ni ya kutegemewa?

Usiku mmoja wa Ramadhani

Swali hili hatukuliokota vitabuni. Lilitujia mlangoni.

Nyumba ya jamaa za mmoja wetu iko Mtopanga, Kisauni. Ilikuwa ni Ramadhani, katika kumi la mwisho, na watu wa nyumba walikuwa wamekwenda msikitini kwa sala ya Isha na tarawehe. Nyumbani alibaki nyanya yetu, ambaye magoti hayamruhusu tena kwenda mbali, pamoja na kijukuu wa miaka tisa. Kila mkaazi wa Kisauni anajua kwamba saa ile ndiyo saa ya nyumba kuwa tupu, na wezi wanajua vilevile. Mitaa yetu imesumbuliwa kwa miaka na makundi ya vijana wenye mapanga, na ni kwa hofu hiyo mtambo wa kamsa uliwekwa katika nyumba ile.

Umeme ulikatika mnamo saa mbili na nusu. Dakika chache baadaye watu watatu waliruka ukuta wa nyuma. Nyanya alisikia komeo la mlango wa jikoni likivunjwa, akabonyeza kitufe chekundu kama alivyofundishwa. King'ora kililia, kwa kuwa mtambo wenyewe una betri ndani yake. Kililia sana. Majirani waliokuwamo majumbani walikisikia ila hawakutoka, maana king'ora kile kilikuwa na mazoea ya kulia kila paka alipopita. Na katika chumba cha kampuni ya ulinzi, upande wa pili wa mji, hakuna taa iliyowaka wala simu iliyolia. Ujumbe haukufika.

Kilichomwokoa nyanya ni sauti ya mtoto. Kijukuu alikimbilia dirisha la mbele akapiga ukunga, na mama mmoja auzaye viazi karai na kaimati kando ya njia akaitambua sauti ile, akaitikia kwa ukunga wake, na watu wakatoka na marungu na tochi. Wezi walikimbia na mkufu wa dhahabu, simu mbili, na bahasha ya fedha zilizokuwa zikikusanywa kwa safari ya Hija. Nyanya alikuwa amesukumwa akaanguka, akavunjika mkono. Alhamdulillahi, roho zilisalimika.

Asubuhi yake fundi wa kampuni ile alikuja. Alifungua kisanduku, akakitazama kwa muda, kisha akasema kwa adabu, "Bi Mkubwa, kwetu usiku hakukuingia kitu."

Nyanya, mkono ukiwa umefungwa kifuani, akamjibu, "Mwanangu, kengele ililia. Sasa ililia kumwambia nani?"

Haya tuyaandikayo ni jaribio la kumjibu.

Waya wa shaba na kazi yake

Mtambo ule uliwekwa zamani kidogo, wakati nyumba ilipokuwa na simu ya waya wa shaba. Simu ya namna hiyo ilikuwa na sifa ambayo wengi wetu hatukuithamini mpaka ilipotutoka: haikutegemea umeme wa nyumba. Kituo cha simu kilipeleka umeme mdogo, wa volti 48, ndani ya waya uleule wa mazungumzo, na kituoni kulikuwa na mabetri makubwa ya akiba. Ndiyo maana wazee wetu wanakumbuka kwamba hata taa za mtaa mzima zikizimika, simu ya mezani iliweza kuita.

Mtambo wa kamsa ulijifunza kuutumia waya huo. Kitufe kikibonyezwa, mtambo huishika laini na kukata mazungumzo yoyote yanayoendelea, kisha hupiga namba ya chumba cha ulinzi. Mashine ya kule huitikia kwa milio miwili mifupi, mmoja wa mitetemo 1,400 kwa sekunde na wa pili wa mitetemo 2,300. Ni kama hodi na karibu. Ndipo mtambo wa nyumbani hutuma tarakimu 16, kwa milio ya aina ileile tuisikiayo tunapobonyeza namba za simu. Tarakimu nne za mwanzo ni namba ya mteja. Nyingine hueleza ni tukio gani, la moto au la wizi au la kitufe cha dhiki, na limetokea sehemu gani ya nyumba. Ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu, ili tarakimu moja ikipotea njiani ijulikane. Mashine ya kule ikiridhika, hutoa mlio wa kuagana, kana kwamba inasema, "Nimepokea." Utaratibu huu waujuao mafundi kwa jina la Contact ID ni wa haraka mno: kila mlio hudumu milisekunde 50 hivi, na kimya baina ya mlio na mlio ni kiasi hichohicho, hata tarakimu zote 16 zikamalizika chini ya sekunde mbili.

Kisha mambo yakabadilika. Shirika la Posta na Simu la Kenya lilivunjwa mwaka 1999, simu za mkononi zikaingia kila nyumba, na waya wa shaba ukawa wakatwa usiku na kuuzwa kwa kilo. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika ufuoni kwetu hapa Mombasa, na mwaka uliofuata ikafuata EASSy. Kutoka hapo intaneti iliingia mitaani kwa waya wa faiba, na pamoja nayo kikaja kisanduku cha ruta, ambacho mara nyingine huwa na tundu la kuchomeka simu ya mezani.

Katika nyumba ya Mtopanga, laini ya shaba ilipokufa, fundi wa intaneti aliuchukua waya wa mtambo wa kamsa akauchomeka katika tundu la ruta. Akasikiliza, akasikia mlio wa laini, akasema kazi imekwisha. Hakuna aliyebonyeza kitufe kuona kama kampuni ya ulinzi itapokea. Kosa lilianzia hapo, miaka miwili kabla ya wezi kuruka ukuta.

Sikio la mtu husamehe

Simu ya intaneti haipeleki sauti kama waya wa shaba ulivyoipeleka. Huikata sauti vipande vidogo, aghalabu vya milisekunde 20 kila kimoja, ikavitia kila kimoja katika pakiti yake na kuzituma moja moja. Ni mfano wa mtu aliyeandika barua ndefu, akaikata vipande, kila kipande akakitia bahasha yake, akawapa wachukuzi mbalimbali. Wengi watafika kwa mpango. Mmoja atachelewa, mwingine atapoteza bahasha yake njiani.

Tukizungumza na mtoto wetu aliyeko Muscat na pakiti mbili zikapotea, tutasikia neno limekwaruza kidogo, na tutaelewa maana tu. Sikio la mtu husamehe. Hujaza pengo lenyewe. Mashine haina huruma hiyo. Pakiti mbili zikipotea, ni milisekunde 40 zimekwenda, na mlio wa tarakimu nzima ni milisekunde 50. Tarakimu moja ikianguka, hesabu ya mwisho haitawiani, na mashine ya kupokea hukataa ujumbe wote. Mtambo wa nyumbani utajaribu tena, na tena, na baada ya majaribio yaliyopangwa utanyamaza.

Kuna jambo jingine lililofichika zaidi. Ili kuokoa nafasi, baadhi ya huduma za simu ya intaneti huibana sauti kabla ya kuituma. Njia iitwayo G.711 huipeleka sauti bila kuibana sana, kwa kilobiti 64 kila sekunde. Njia iitwayo G.729 huibana mpaka ikawa kilobiti 8 tu. Ubanaji huo ulitungwa kwa kuliangalia koo la mwanadamu: hutunza yale yanayofanya maneno yaeleweke na kuyaacha mengine. Milio ya mtambo wa kamsa si maneno ya koo. Ikipita katika ubanaji huo hutoka imepinda.

Hivyo yawezekana nyumba moja ikawa na simu nzuri sana ya intaneti, nyanya akazungumza na wajukuu wake wa ng'ambo kwa sauti safi, na simu hiyohiyo ikashindwa kupeleka kamsa. Kusikia mlio wa laini si ushahidi wa kitu. Ushahidi ni mmoja: kitufe kibonyezwe, na chumba cha ulinzi kiseme kimepokea.

Mnyororo na viungo vyake

Lakini usiku ule wa Mtopanga hata milio haikupata nafasi ya kupinda. Umeme ulikatika, ruta ikazimika, na njia ikafungwa kabla ya ujumbe kutoka. Betri ndani ya mtambo wa kamsa ilikiliza king'ora, lakini haikuwa na uwezo wa kuiwasha ruta. Tulikuwa tumeweka taa ndani ya nyumba isiyo na mlango.

Kukatika kwa umeme si jambo la nadra kwetu. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima mnamo saa nne kasorobo za usiku, na sehemu nyingi ziliamka Jumamosi zikiwa bado gizani. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikosa taa. Usiku wa namna hiyo, kila nyumba iliyotegemea ruta isiyo na betri ilikuwa na kamsa bubu. Na usiku wa giza ndio usiku wa kuhitaji kamsa.

Umeme ni kiungo cha kwanza tu. Cha pili ni waya wenyewe. Faiba ya mitaani kwetu hupita juu ya nguzo, na mara nyingi huning'inia chini kiasi cha kushikwa kwa mkono. Huko Changamwe, ambako malori ya makontena hupita mchana na usiku, waya ulioning'inia hauna maisha marefu. Na mwizi mwenye kisu hahitaji elimu kuukata.

Cha tatu ni malipo. Waya wa shaba ulipokuwa na deni, mara nyingi ilichukua muda kabla haujakatwa. Intaneti ya nyumbani ya siku hizi hulipiwa mbele, na siku zikiisha hufungwa papo hapo. Baba aliyesafiri akasahau kulipa anadhani watoto watakosa video tu. Hakumbuki kwamba ameifunga na kamsa.

Cha nne kiko mbali kuliko tudhanivyo. Baadhi ya kamera na vifaa vya kamsa vinavyouzwa madukani huwasiliana kwanza na mitambo iliyoko ng'ambo ya bahari, ndipo habari irudi kwenye simu ya mwenye nyumba. Habari ya mlango wa Likoni huenda Ulaya au Asia kabla ya kumfikia mtu aliyeko Nyali. Mwezi wa Februari 2012, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali isipostahili, na nanga ile ikaukata waya wa TEAMS. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya, Tanzania na majirani zetu ikazorota kwa siku kadhaa. Kifaa ambacho hakiwezi kumwita jirani ila kwa kuzunguka dunia ni kifaa cha kufikiriwa mara mbili.

Cha tano ni cha binadamu. Hata ujumbe ukifika, nani atakuja, na atapita wapi? Mkaazi wa Likoni aulize gari la kampuni yake hulala upande gani wa kivuko. Likiwa kisiwani, litasubiri feri pamoja na matatu na mikokoteni, ama lizunguke kwa Dongo Kundu, na upesi wote wa mtambo utakuwa haukufaa kitu.

Waliopatwa kabla yetu

Wasomaji wasidhani kwamba haya ni ya Kisauni peke yake, au kwamba ni udhaifu wa nchi maskini. Uingereza, ambako wana jamaa zetu wengi, imeamua kuzima mtandao wake wa zamani wa simu za shaba na kuhamishia kila nyumba kwenye simu ya intaneti. Huko wazee wengi wanaoishi peke yao huvaa shingoni kitufe cha kuitia msaada, na watumiaji wa vifaa vya namna hiyo wanakadiriwa kufikia milioni 1.8. Baada ya baadhi ya nyumba kuhamishwa, ilidhihirika kwamba kuna wazee waliobonyeza vitufe vyao na ujumbe haukupita. Desemba 2023 serikali ya nchi hiyo ilizikutanisha kampuni kubwa za simu, nazo zikaahidi kutowahamisha wazee wa namna hiyo kabla ya kuhakikisha vifaa vyao vinafanya kazi. Kuzimwa kwa laini za shaba, kulikokuwa kumepangwa kukamilika Desemba 2025, kulisogezwa hadi Januari 2027. Na msimamizi wa mawasiliano wa huko ameagiza kwamba mtu anayeitegemea simu ya mezani apewe njia ya kupiga simu ya dharura kwa muda usiopungua saa moja baada ya umeme kukatika.

Tujifunze mambo mawili hapo. La kwanza, matatizo haya yanajulikana na yana dawa. La pili, huko kuna serikali iliyouliza kwa niaba ya wazee. Kwetu huku waya wa shaba ulitoweka kimyakimya, bila tangazo, bila tarehe, na kila nyumba iliachwa ijiulize yenyewe. Basi tujiulize.

Ukimya nao ni habari

Dawa kubwa ya ugonjwa huu ni rahisi kuieleza. Mtambo wa zamani hunyamaza mpaka siku ya shari. Njia ikifa Jumatatu na wezi wakija Ijumaa, hakuna ajuaye kwa siku nne kwamba nyumba iko wazi. Mtambo ulio bora hutumia intaneti kwa namna yake yenyewe, bila kujigeuza sauti ya simu. Hutuma tarakimu zake moja kwa moja kama maandishi, na zaidi ya hayo chumba cha ulinzi huuita kila baada ya muda mfupi: "Upo?" Nao hujibu: "Nipo." Jibu lisipokuja, ule ukimya wenyewe huwa ni kamsa, na mlinzi wa zamu hupiga simu kuuliza kulikoni. Mwizi aliyekata waya atakuwa ameita msaada kwa mkono wake mwenyewe.

Nguzo ya pili ya dawa hii ni njia mbili zisizotegemeana. Mtambo uwe na faiba, na pia uwe na kadi ya simu ya mkononi ndani yake, au redio. Kampuni nyingi za ulinzi nchini hutumia mitambo ya redio, ambayo haihitaji intaneti wala kampuni ya simu. Lakini njia mbili ziwe mbili kweli. Ikiwa faiba ya nyumba na kadi ya mtambo ni za kampuni moja, huenda zikaanguka pamoja. Aprili 24, 2017, mtandao wa Safaricom ulizimika nchini kwa saa kadhaa. Aliyekuwa na kila kitu humo hakubaki na njia ya pili.

Ya kutenda juma hili

Tunawasihi wasomaji wetu, hasa wenye wazazi wanaobaki nyumbani peke yao, wayatazame mambo haya kabla ya Ijumaa ijayo.

Kwanza, fuata waya. Simama mbele ya kisanduku cha kamsa uufuate waya wake kwa mkono. Ukiishia kwenye ruta, au kwenye tundu la simu ya intaneti, jua kwamba haya tuliyoyaeleza yanakuhusu.

Pili, fanya jaribio mara moja kila mwezi. Iarifu kampuni kwa simu kwamba unajaribu, kisha bonyeza kitufe, na usiridhike mpaka wakutajie jina la nyumba yako na aina ya kamsa waliyopokea. Halafu zima umeme kwenye swichi kubwa ya nyumba, ngoja dakika kumi, na jaribu tena. Jaribio hili la pili ndilo ambalo nyumba ya Mtopanga ingelishindwa.

Tatu, iwekee ruta betri yake. Madukani kuna vibetri vidogo vya ruta ambavyo huitunza kwa saa kadhaa. Na betri iliyo ndani ya mtambo wa kamsa nayo huzeeka; baada ya miaka mitatu hadi mitano hubaki umbo tu. Andika tarehe juu yake siku unapoibadilisha.

Nne, kama mtambo una kadi ya simu, ujue ni namba gani, ina salio kiasi gani, na nani ana jukumu la kuitia. Kadi isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na haitumi barua ya kuaga.

Tano, iulize kampuni maswali na utake majibu kwa maandishi: mnauita mtambo wangu kila baada ya muda gani? Njia ikikatika mnafanya nini? Gari lenu la karibu hulala wapi? Tangu Sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti huduma za ulinzi wa kibinafsi, kampuni za ulinzi nchini zapaswa kusajiliwa na kupewa leseni. Mteja ana haki ya kuuliza hilo pia.

Sita, king'ora kinacholia ovyo kirekebishwe bila kuchelewa. Kila mlio wa uongo hupunguza majirani wa kutoka. Usiku wa Mtopanga majirani hawakuwa wabaya. Sisi ndio tuliowafundisha kupuuza.

Saba, usiache jirani awe kiungo cha mwisho. Mpe namba yako, uwe na yake, na mjue mzee wa Nyumba Kumi wa mtaa wako. Watoto wajue 999 na 112 kwa moyo. Na wakati wa tarawehe, nyumba tatu au nne zipangiane zamu, ili siku zote kuwe na mtu mzima mmoja nje anayeangalia milango ya wenzake.

Kuna watakaosema kwamba mlinzi ni Mwenyezi Mungu, na mambo mengine ni bure. Mlinzi ni Yeye, bila shaka. Lakini sote tulifundishwa chuoni habari ya ngamia: hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Kulipa fedha kwa kamba ambayo hatujawahi kuivuta kuona kama imefungika si kutawakali. Ni kusahau. Na mzazi tuliyemwacha ndani na kitufe mkononi ni amana.

Nyumba ya Mtopanga sasa ina ruta yenye betri, mtambo wenye faiba na redio, na king'ora ambacho paka hakiamshi tena. Mkono wa nyanya umeunga, ingawa haunyooki vizuri. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Alasiri, yeye mwenyewe hubonyeza kitufe; hamruhusu mtu mwingine. Kisha hukaa na simu mapajani akingoja. Inapoita, sauti ya kijana wa zamu husema, "Bi Mkubwa, tumekupata."

"Haya, mwanangu," humjibu. "Na mwezi ujao nitakuita tena."

Wabillahi tawfiq.